Tope la Mwaka Gani?

Miongoni mwa kazi ambazo mtu mzima hawezi kuzieleza mbele ya majirani bila kuchekwa ni ile ya kuunda gari lisiloweza kubeba hata panya. Si la kumtuliza mtoto, kwani mtoto akilishika litavunjika. Si la kuuza, kwani saa lilizozimeza hazina mnunuzi. Hata hivyo wapo watu, Japani, Marekani, Uingereza na wachache humu nchini, ambao jioni baada ya jioni huinama mezani chini ya taa, kibano mkononi, wakibandika kioo cha pembeni kisichozidi punje ya mchele. Wakikutana wawili, mazungumzo yao hayana kikomo: kabureta zilikuwa ngapi, taa za ziada zilifungwa wapi, wekundu wa mwaka fulani ulikuwa wekundu wa namna gani. Asiyekuwa mwenzao husikiliza kwa dakika kumi, kisha akakumbuka kwamba ana safari.

Gari la aina hii huja katika sanduku la kadibodi likiwa vipande vipande. Vipande hivyo vimeshikana na vijiti vya fremu ya plastiki mfano wa embe changa kwenye vikonyo, kila kimoja na nambari yake. Muundaji hukikata kipande kwa kisu chembamba, akapiga msasa pale kikonyo kilipokuwa, kisha akakiunga na mwenziwe kwa kile kinachoitwa gundi, ingawa kwa hakika ni kiyeyushi: huilainisha plastiki ya pande zote mbili hata zikashikamana na kuwa kitu kimoja. Kosa la hapo halina toba. Kipimo kinachopendwa na Wajapani ni 1:24, yaani sentimita 24 za gari la kweli huwa sentimita moja. Datsun 240Z, ambalo ndilo kiini cha makala haya, lilikuwa na urefu wa mita 4.14 hivi; likitoka sandukuni huwa sentimita 17.

Kiswahili kingeweza kukipa kitu hiki jina la haraka, kigari, na mambo yakaisha. Lakini kiambishi ki- kina tabia ya kudunisha pamoja na kupunguza. Kijitu si mtu mfupi tu, na kijumba aghalabu si nyumba ambayo mwenyewe anajivunia. Fundi mmoja mstaafu wa Voi, aliyetumia zaidi ya miaka thelathini chini ya magari ya watu na ambaye sasa hutumia macho yake yaliyosalia juu ya magari ya plastiki, hulikataa neno hilo kabisa. "Kigari ni cha mtoto," humwambia mwana wa nduguye anayesomea Kiswahili chuo kikuu. "Hili ni gari, ila limesimama mbali."

Kijana huyo, kwa mazoea ya wanafunzi ya kutaka kila kauli ithibitishwe, alichukua kalamu akapiga hesabu. Ukilitazama gari la 1:24 kutoka nusu mita, ni sawa na kulitazama gari la kweli kutoka mita 12. Jibu hilo lilimfurahisha fundi kuliko sifa yoyote aliyowahi kupewa. Mita 12, alisema, ndio umbali wa mtoto aliyezuiwa na wakubwa asikaribie barabara.

Ni lazima ielezwe barabara ipi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ya masika, barabara zikiwa aidha vumbi tupu au ziwa. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyomaliza. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena, na madereva wa miaka hiyo miwili wakabandikwa sifa ya watu wasiozama. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant katika Volvo, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Kwa mtoto wa kijijini haya hayakuwa majina ya magazetini. Yalikuwa mngurumo unaosikika toka nyuma ya kilima, kisha mwanga, kisha kokoto zikiruka, kisha kimya na harufu ya petroli.

Kampuni ya Nissan ilijitosa mwaka 1963 ikiwa na Bluebird na Cedric, ikaambulia patupu. Haikukata tamaa. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na msoma ramani wake Hans Schüller, walishinda wakiwa na Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wawili hao wakashinda tena, mara hii katika 240Z, gari la michezo lenye boneti ndefu na injini ya silinda sita, ambalo kwa kulitazama ungedhani limeundwa kwa ajili ya mwambao wa California wala si kwa makorongo ya Afrika Mashariki. Wa pili mwaka huo alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, katika 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta naye akashinda kwa gari la aina iyo hiyo, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana alama na Harry Källström wa Datsun 1800 hata ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike. Baina ya Pasaka hizo mbili mengi yalikuwa yamebadilika, hasa kwa Mehta: mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na dereva huyo akahamia Kenya.

Wajapani waliipenda Safari kwa namna ambayo si Wakenya wengi wanaoifahamu. Mwaka 1969 ilitoka filamu ya Kijapani iliyomhusu dereva wa mashindano hayo, ikiigizwa na Yujiro Ishihara, mmoja wa waigizaji waliopendwa mno nchini humo, na watu wakafurika kumbini. Ndiyo maana hadi leo kampuni ya Hasegawa, ya mkoa wa Shizuoka ambako pia ndiko yaliko makao ya Tamiya, imetengeneza kwa kipimo cha 1:24 Bluebird iliyoshinda 1970 na 240Z iliyoshinda 1971. Gari lenyewe la 1971 limehifadhiwa na Nissan huko Japani, na mwaka 2013 kikundi cha wafanyakazi wa kampuni hiyo kilijitolea kulikarabati hata likatembea tena. Mtu wa Taita anayetaka kuiona historia ya barabara yake hana budi kuagiza sanduku kutoka Asia. Si jambo la kulalamikia. Ni la kushangaza tu.

Sanduku la fundi wa Voi lililetwa na mtu aliyefanya naye kazi, ambaye alibahatika kwenda Japani kwa mafunzo. Lilikaa juu ya kabati miaka mingi. Kwanza kulikuwa na watoto wa kusomesha, kisha kulikuwa na gereji ya kuendesha, na hatimaye alipopata wasaa mikono ikawa imeanza kutetemeka. Ameunda mengine kabla ya hilo ili kujizoeza. Anayajua majina ya viungo vyote kwa Kiswahili cha gereji: boneti, bampa, madigadi, shokomzoba, radieta, usukani, gia. Maneno hayo yalizaliwa chini ya magari, midomoni mwa watu waliokuwa na grisi hadi viwikoni, na ni baadaye ndipo wanakamusi walipokuja kuyachukua. Kijana humsomea maelekezo ya Kiingereza yaliyochapishwa kando ya Kijapani, naye huyatafsiri upya, maana asemavyo fundi, maelekezo hayo yanajua kipande kinakwenda wapi lakini hayajui kwa nini.

Kwa nini boneti ya gari jekundu ilipakwa rangi nyeusi isiyong'aa? Ili jua la mchana lisimrudie dereva machoni. Kwa nini taa za ziada zilifungwa pembeni, karibu na madigadi, wala si mbele peke yake? Kwa sababu usiku, penye kona na ukungu, dereva anahitaji kuuona ukingo wa barabara kabla pua ya gari haijaufikia. Kwa nini magari mengine ya Safari yalikuwa na vishikio nyuma na mahali pa kukanyaga kwenye bampa? Ili yakizama, msoma ramani ashuke, apande nyuma na kurukaruka, uzito wake uyape magurudumu mkamato. Haya kijana aliyaandika. Alikuja kwa nia ya kukusanya istilahi za ufundi kwa ajili ya tasnifu, akajikuta anakusanya kitu kingine.

Mzozo wao ulitokea mwili wa gari ulipokwisha kupakwa rangi. Kazi hiyo ilichukua majuma: tabaka la kwanza la kijivu ili rangi ishike, kisha nyekundu nyepesi mara nne, kisha utepe wa kuziba kingo, kisha boneti nyeusi. Nyekundu yenyewe fundi aliichanganya na tone la nyeupe, kwa sababu kitu kilicho mbali hupauka kidogo machoni, na gari lake, kama alivyokwisha kusema, limesimama mbali. Lilipendeza mno. Kijana alidhani kilichobaki ni kubandika alama: majina ya wafadhili, bendera, na nambari 11 milangoni. Fundi akasema kinachofuata ni tope.

Swali la tope si geni miongoni mwa watu wa kazi hii. Wako wanaoshikilia kwamba gari la mfano lionyeshe ustadi wa aliyeliunda: viungo visivyoonekana, rangi inayoakisi dari kama kioo. Kwa hao, tope ni kisingizio cha kuficha kazi mbovu, na mara nyingine hawakosei. Wako wengine, waliojifunza kwa waundaji wa vifaru na magari ya vita, wanaoamini kwamba gari safi ni gari la dukani, na kwamba gari la mashindano lisilo na tope halijashindana. Hoja za pande zote mbili zimezeeka. Lakini kwa gari la Safari upande wa pili una nguvu zaidi. Gari hilo lilikuwa safi kwa muda mfupi tu, pale jukwaani lilipopungiwa bendera. Kilomita zote zilizofuata lilikuwa chafu, na ni katika uchafu huo lilipata jina.

Kulitengeneza tope la 1:24 ni elimu peke yake. Tope la kweli halifai. Chembe ya mchanga ya milimita moja, kwa kipimo hicho, ni jiwe la zaidi ya sentimita mbili, na hakuna dereva aliyefika Nairobi na mawe yamebandikwa mlangoni. Fundi aliuchukua udongo wa chini ya vilima vya Taita, akauanika, akautwanga, akauchekecha kwa soksi ya nailoni ya mkewe mara tatu hadi ukawa mlaini kuliko poda. Akauchanganya na gundi ya maji, akaujaribu kwenye mlango wa gari bovu. Hapo akagundua jambo ambalo sanduku halikumtahadharisha. Udongo wa huko ni mwekundu, ule ule unaowafanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu, na gari nalo ni jekundu. Tope halikuonekana. Ilimbidi atengeneze matatu: jekundu la vumbi, la kahawia la majimaji, na jeusi la mfinyanzi ambalo gari lingeweza kulizoa kwingineko njiani.

"Lilikuwa la rangi gani ulipoliona, baba mdogo?" kijana akauliza.

"La kahawia. Lilifunika mlango wote. Ndiyo maana sikuiona nambari."

Kisa chenyewe kijana alikuwa amekisikia tangu utotoni, kila Krismasi, kwa maneno yasiyobadilika. Asubuhi moja ya Pasaka, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, kaka yake fundi alimbeba mabegani wakateremka hadi barabarani. Datsun nyekundu yenye boneti nyeusi ilitokea konani ikienda upande upande, ikawarushia tope wote wawili, ikatoweka. Wakacheka hadi nyumbani. Kesho yake kaka huyo alikata waya wa ua, akaukunja akaunda gari lenye boneti ya bati la kopo, akalipaka masizi kichwani ili lifanane na lile, akalitia magurudumu ya ndara kuukuu na usukani wa fimbo ndefu. Kaka huyo ndiye baba yake kijana. Alifariki kijana akiwa bado mdogo, na katika yote aliyosimuliwa kumhusu, karibu yote ni ya mtu mzima aliyechoka: mfanyakazi wa reli, mwenye madeni, asiyependa kelele. Kisa hiki peke yake ndicho kinachomwonyesha akicheka.

Tatizo ni mwaka. Baba yake aliajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwanzoni mwa 1972, akapelekwa Tororo, na hadi shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977 hakurudi nyumbani ila Krismasi. Ikiwa Datsun ile ilikuwa ya 1971, kisa kimesimama. Ikiwa ilikuwa ya 1973, basi mabega yale yalikuwa ya mtu mwingine, labda jirani, labda binamu, na kicheko ni chake. Magari ya timu ya Datsun ya miaka hiyo miwili yalifanana kwa rangi. Hata mvua haisaidii: Pasaka ya 1971 ilikuwa tarehe 11 Aprili, ya 1973 tarehe 22 Aprili, na zote mbili zimo ndani ya masika. Fundi alikuwa na umri wa miaka tisa au kumi na mmoja, na kwa umri huo miaka miwili ni tofauti ambayo mtu hudhani hawezi kuisahau.

Kijana alitaka nambari 11 ibandikwe, na ionekane. Sanduku limeandikwa 1971, akasema. Aliyelinunua alilinunua kwa sababu ya kile kisa. Na kama baba mdogo amesimulia 1971 kwa miaka yote hiyo, kuna ubaya gani mlango ukisema hivyo hivyo?

"Mwanangu, hukunielewa. Mimi gari nililiona. Boneti niliiona, taa niliziona, tope nililila. Nambari sikuiona. Nikiibandika ikaonekana, nitakuwa nashuhudia nisichokiona."

"Na mabega? Uliyaona?"

Swali hilo pengine halikupasa kuulizwa na mtoto kwa mzazi wake, na aliyeliuliza alilijua hilo neno lilipokwisha kumtoka. Fundi alifuta brashi yake kwa kitambaa. Alisema kwamba mtu aliyebebwa mabegani haoni uso wa aliyembeba, huona utosi. Kuhusu gari la waya hana shaka, maana lilikaa darini hadi nyumba ya zamani ilipobomolewa, na masizi yalikuwepo. Lakini magari ya waya yaliundwa kila likizo, na kaka yake aliweza kuliunda lile kwa kusimuliwa tu, Krismasi ya 1973, na mdogo wake aliyeliona gari. Hilo nalo alikuwa amelifikiria. Alilifikiria muda mrefu kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Inafaa kusema hapa kwamba gari la waya na gari la sandukuni si ndugu wa karibu kama inavyodhaniwa. La sandukuni hutoka kwenye vipimo: mtu aliyeliendea gari la kweli na futi akapima kila upande. La waya hutoka kichwani. Mtoto wa Taita, wa Kisii au wa Turkana aliyeunda Pijo 504 ya waya hakuwa na mchoro. Alikuwa na sekunde tatu za gari likipita, na kutoka katika sekunde hizo alichagua: madirisha mangapi, pua imeinama kiasi gani, taa ziko juu au chini. Alichokiacha ni kile ambacho hakukiona, au hakukijali. Kwa hiyo gari la waya haliwezi kusema uongo kuhusu nambari. Halina mahali pa kuiandika. Sanduku la Hasegawa lina mahali, lina nambari, lina mwaka, na linamdai kila anayelifungua akubaliane nalo.

Walifikia nusu ya mapatano. Nambari itabandikwa kwanza, pande zote mbili, maana kwenye gari la kweli ilikuwepo, iwe ilionekana au haikuonekana. Kisha tope litapakwa juu yake kwa kiasi atakachoamua fundi, na kijana hatakuwepo chumbani wakati huo.

Ila karatasi ya alama ilipotolewa sandukuni ilikuwa imegeuka manjano. Alama hizi huchapwa kwenye utando mwembamba unaolowekwa majini hadi ukaachana na karatasi, na utando huo, ukikaa miaka mingi mahali pa joto, hupoteza weupe wake. Duara jeupe lililopasa kubeba 11 lilikuwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Dawa yake inajulikana na kila mzoefu wa kazi hii. Karatasi hutiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ikabandikwa kwa utepe kwenye kioo cha dirisha, uso wake ukielekea nje, jua likaachwa lifanye kazi. Huchukua majuma mawili, pengine matatu. Jua la Voi halina uhaba. Fundi aliibandika kwenye dirisha la mashariki, akaandika tarehe kwenye utepe kwa penseli, akalifunika gari kwa bakuli la kioo lisiingiwe na vumbi. Kijana akarudi chuoni, na kila Jumapili jioni hupiga simu kuuliza weupe umefika wapi.